Siku nne Cádiz na mama yangu: naombeni mawazo, wadau

MtangaBremen

Salaam wadau. Mama yangu yuko kwangu hapa Bremen tangu Septemba, na kabla hajarudi Tanga nataka nimpeleke mahali akaone bahari. Hapa nikimpeleka mtoni anayatazama maji ya Weser dakika mbili, kisha anauliza tunarudi saa ngapi. Ana miaka 68. Ngazi zinamtesa magoti, lakini mahali tambarare anatembea polepole kutwa nzima bila kulalamika.

Nimechagua Cádiz, kusini mwa Hispania. Tunafika Jumanne tarehe 28 Oktoba mchana, tunaondoka Jumamosi tarehe 1 Novemba. Ndege ni ya Sevilla. Mpango wangu ni huu: Jumanne tulale Sevilla, Jumatano tupande treni kwenda Cádiz, Alhamisi tuzunguke Ronda, Ijumaa tushuke Tarifa tuvuke kwa boti hadi Tangier, maana mama ana hamu ya kupanda boti na kukanyaga Moroko, halafu Jumamosi turudi. Cádiz yenyewe inabaki na siku moja na jioni mbili.

Mama ni Mwislamu anayeshika dini, kwa hiyo na suala la chakula nisaidieni. Waliofika huko naomba ukweli, hata kama mpango wote ni wa kufutwa.

Msafiri_wa_Voi

Mkuu, kabla hujalipa chochote fungua pasipoti ya mama, usome kwenye viza palipoandikwa idadi ya kuingia. Ikiwa ni 1, Tangier isahau kabisa. Kutoka Ujerumani kwenda Hispania ni ndani ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hakuna neno, mradi abebe pasipoti yake na karatasi za bima. Moroko iko nje. Akishapita ukaguzi wa kutoka pale bandari ya Tarifa, viza ya kuingia mara moja imemaliza kazi yake, na kurudi Bremen hakuna.

Nasema hivi kwa sababu mimi na shangazi yangu tulikuwa tumeshakata tiketi za safari hiyohiyo. Mhudumu wa dirishani ndiye aliyeigeuza pasipoti mara mbili, akatuuliza kama tunaelewa tunachokifanya. Mpaka leo namwombea dua mtu yule.

MtangaBremen

Nimeangalia sasa hivi. Imeandikwa 1. Asante sana, mkuu, umetuokoa.

Mpishi_Jerez

Salaam, na mama yetu umpe shikamoo yangu. Naishi Jerez mwaka wa saba, na minne kati ya hiyo nilipika kwenye mkahawa wa Cádiz mjini, nikienda na kurudi kwa treni kila siku. Kwa hiyo nitaandika kirefu, univumilie.

Futa Tangier, futa Ronda, na usiku wa Sevilla nao ufute. Mtu anayekuja Cádiz kwa siku nne akazitumia tatu nje ya mji atarudi na picha za madirisha ya treni. Watu wengi wanaufanya mji huu kituo cha kupumzikia kati ya Sevilla na Gibraltar, na wengine wanashuka kwenye meli kubwa za kitalii asubuhi, jioni hawapo. Inaniuma, kwa sababu Cádiz haikupi kitu ukiikimbilia. Kanisa kuu na mnara utaviona kwa saa tatu. Kinachobaki ni bahari na watu, na hivyo vina saa zake.

Mji wa kale umekaa kwenye ncha ya ulimi mwembamba wa nchi kavu, bahari pande tatu. Kutoka ufuko huu hadi ule ni dakika ishirini kwa miguu, na karibu kote ni tambarare. Kwa magoti ya mama huwezi kupata mji wa kale bora zaidi katika jimbo zima hili la kusini, Andalusia. Ronda ni miinuko mitupu. Treni inatoka Sevilla kituo cha Santa Justa, mwendo wa kama saa moja na dakika arobaini, na inakushusha mlangoni mwa mji wa kale. Mkifika mchana mnaweza kulala Cádiz usiku uleule.

Chumba tafuta ndani ya mji wa kale, na kabla hujalipa uliza kama kuna lifti: *ascensor*. Nyumba nyingi ni za karne ya 18, zina ghorofa tatu au nne na ngazi za marumaru zilizolika. Hapo usione haya kuuliza mara mbili.

Sasa upepo. Watu wa huko hawaanzi siku kwa kuuliza mvua, wanauliza upepo gani. *Poniente* unatoka baharini magharibi, wa baridi na unyevu, hewa inakuwa safi. *Levante* unatoka mashariki, mkavu, na ukishika unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, mchanga unakuchapa usoni ufukweni. Mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa hili, ni kama anavyoijua kaskazi na kusi. Siku ya levante ingieni vichochoroni na makumbusho. Siku ya poniente tokeni mkae ukutani mwa bahari. Usiandike kwamba Jumatano ni ufuko na Alhamisi ni makumbusho. Amkeni, fungueni dirisha, muamue.

Soko la samaki, Mercado Central, nendeni asubuhi Jumatano au Alhamisi. Na mna bahati ya tarehe: kuelekea sikukuu ya Watakatifu Wote wauzaji wanapamba meza zao, mboga na samaki na wanyama waliochinjwa wanavalishwa nguo kama watu, wakiwaiga wanasiasa na mambo yaliyotokea mwaka ule. Sherehe hiyo wanaiita Tosantos. Nguruwe wadogo nao huwa wamo, mwambie mama mapema asije akashtuka. Tarehe 1 Novemba yenyewe ni sikukuu ya taifa, kwa hiyo manunuzi yenu myamalize Ijumaa.

Bint_Shela

Mpishi umenitoa machozi na huo upepo. Mimi ni wa Lamu, naishi Utrecht, nilienda Cádiz mwaka juzi na dada zangu wawili. Naongeza jambo moja ambalo sikulisoma popote kabla ya kwenda: angalieni mawe.

Kuta za kale za Cádiz zimejengwa kwa jiwe linaloitwa *piedra ostionera*. Ukisogea karibu unaona kombe na chaza zimeganda ndani yake, nzima na vipande. Si matumbawe kama yetu, lakini nilipoweka mkono ukutani nilikumbuka nyumba ya bibi yangu Shela, chokaa ilipobanduka jiwe likabaki wazi. Chumvi inalila jiwe lao vilevile inavyokula letu. Ndani ya kanisa kuu mtaona nyavu zimetandazwa chini ya dari, kwa sababu vipande vinadondoka. Kwenye kona za mitaa wamesimamisha mizinga ya kale wima ardhini, ili magurudumu ya magari ya farasi yasikwangue nyumba. Dada yangu mdogo aliihesabu mpaka akachoka.

Jambo la pili ni maji. Wengi wanadhani kusini mwa Hispania kote ni Mediterania, ambako maji hayapwi wala hayajai kiasi cha mtu kuona. Cádiz iko Atlantiki. Maji yanakupwa kweli, mita mbili tatu siku za bamvua. Ufuko mdogo wa La Caleta, uliokaa kati ya ngome mbili, maji yakijaa unaona ghuba ya mashua tu. Yakipwa unatokeza mwamba mpana wenye vidimbwi, na watu wanashuka na ndoo. Mchukue mama maji yakiwa yamepwa. Tazama majira ya maji kabla, na mwezi pia: ukiwa nusu mtakuta maji mafu, mwamba hautatoka sana. Jua mwishoni mwa Oktoba linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni, mbele yenu kabisa, juu ya bahari.

MtangaBremen

Dada Bint Shela, nimemsomea mama maneno yako. Ameuliza kama kuna mahali pa kukaa pale La Caleta au ni kusimama tu. Na mimi naomba mtu anieleze vitu vya kale, maana nimesoma kwamba ni mji wa Wafinisia lakini sielewi kilichobaki ni nini.

Bint_Shela

Kuna ukuta mrefu wa kukalia juu ya ufuko, wazee wa mtaa wa La Viña wanaukalia kama baraza. Karibu yake kuna miti miwili mikubwa ajabu, jamii ya mikuyu, asili yake Australia. Matawi yameegemezwa nguzo. Kivuli chake kinatosha ukoo mzima.

Msoma_Kale

Mkuu, naomba nichukue hili la historia, ndiyo kazi yangu.

Wafinisia kutoka Tiro, Lebanoni ya leo, ndio waliouanzisha mji, wakauita Gadir, maana yake mahali palipozungushiwa ukuta. Mapokeo ya Warumi yaliusogeza hadi karibu mwaka 1100 kabla ya Kristo. Walichofukua wataalamu kinaanzia karne ya 9 na ya 8, na hata hivyo ni miongoni mwa miji ya kale zaidi Ulaya Magharibi ambayo haijawahi kuachwa na watu. Waarabu waliuita Jazirat Qadis.

Kilichobaki kwanza kipo chini ya ukumbi wa vikaragosi wa La Tía Norica: mitaa, misingi ya nyumba na majiko ya udongo ya Wafinisia, mita kadhaa chini ya mji wa leo. Panaitwa Yacimiento Gadir, kuingia ni bure na unaongozwa na mtu, ila mnawekwa kwa zamu, kwa hiyo panga mapema. Pili, makumbusho yaliyopo Plaza de Mina. Humo kuna majeneza mawili ya marumaru yenye umbo la binadamu, ya karne ya 5 kabla ya Kristo. La mwanamume lilipatikana mwaka 1887. La mwanamke lilikaa ardhini hadi 1980. Pelayo Quintero, mwanaakiolojia aliyesimamia makumbusho, aliamini lazima liwepo na la pili, akalitafuta miaka mingi asilipate. Likaja kutokea baada ya kufa kwake, pale pale ilipokuwa nyumba yake. Alikuwa akilala juu yake. Simameni mbele ya majeneza yale mawili bila haraka. Raia wa Umoja wa Ulaya wanaingia bure, wengine wanalipa euro 1.50.

Mwaka huohuo wa 1980 ukafunuliwa ukumbi wa michezo wa Warumi, mtaa wa El Pópulo, mmoja wa mikubwa zaidi katika Hispania yote ya Kirumi. Ulikuwa umefunikwa na nyumba za watu.

Kisha kuna hili linalotugusa sisi wa pwani. Mwaka 1596 Waingereza na Waholanzi waliuteka mji, wakaupora na kuuchoma. Mfalme Felipe wa Pili akaamuru ngome ijengwe La Caleta, Santa Catalina, kazi ikaanza 1598. Mfalme huyohuyo alikuwa pia mfalme wa Ureno tangu 1580, na kwa amri yake Wareno walianza Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1593. Aliyekwisha kutembea Fort Jesus akiingia Santa Catalina atatambua zile pembe kali za kuta, zilizochongwa hivyo ili mizinga isiache sehemu ya ukuta bila kulindwa. Bahari mbili, mfalme mmoja, hofu ileile ya meli za watu wengine. Kuingia Santa Catalina ni bure.

Na utajiri wa mji nao tuuseme wazi. Mwaka 1717 ofisi ya kusimamia biashara ya Amerika ilihamishwa kutoka Sevilla kwenda Cádiz, na ndipo wafanyabiashara walipojenga nyumba zenye minara juu, kila mmoja akitazama meli zake zikirudi. Zaidi ya minara 120 bado imesimama. Lakini humohumo mwaka 1765 wafanyabiashara wa mji walipata kibali cha kusafirisha Waafrika watumwa kwenda Amerika, wakafanya kazi hiyo kwa jina la Compañía Gaditana de Negros. Na hii Katiba ya Hispania ya 1812 wanayojivunia, iliyotangazwa tarehe 19 Machi kanisani San Felipe Neri wakati Wafaransa wameuzingira mji, iliwatenga watu wa asili ya Kiafrika na uraia, isipokuwa wachache watakaopewa kwa barua maalumu. Watumwa haikuwagusa kabisa. Mimi nilipanda minarani nikiwa na hayo kichwani, na naona kila Mwafrika anayepanda ayajue.

Msafiri_wa_Voi

Msoma Kale, asante. Hiyo kampuni sikuwahi kuisikia, na nilizunguka mji ule siku mbili nikipiga picha minara.

Kuhusu minara: Torre Tavira ndio maarufu, upo mita 45 juu ya bahari, na ndani kuna chumba cha giza ambamo kioo na lenzi vinaangusha picha hai ya mji juu ya meza nyeupe. Unaona nguo zilizoanikwa zikipepea. Lakini ni ngazi tupu, na mama hatafika. Mpeleke mnara wa kanisa kuu, ule unapanda kwa njia ya mteremko inayozunguka, na tiketi ya kanisa imeujumlisha.

Mpishi_Jerez

Ni kweli, ila mteremko wenyewe ni mkali na hakuna mahali pa kukaa njiani. Mama akikataa msimlazimishe. Abaki chini uwanjani anywe chai, nanyi mpande kwa zamu.

Chakula. Mji ni wa samaki, kwa hiyo mama hatalala njaa, lakini kuna mitego. Katika majiko niliyofanyia kazi mafuta ya nguruwe yaliingia mahali ambapo mgeni hafikirii, na mvinyo ulikuwa kwenye michuzi mingi. Jodari wa vitunguu, kwa mfano, mara nyingi anapikwa na mvinyo wa Jerez. *Chicharrones* za Cádiz ni nguruwe. *Croquetas* nyingi zina paja la nguruwe lililokaushwa. Jifunze maneno haya: *sin cerdo, sin manteca, sin vino*, yaani bila nguruwe, bila mafuta ya nguruwe, bila mvinyo. Na uliza kama samaki anakaangwa kwenye mafuta yake peke yake. Kwenye duka la samaki wa kukaanga, *freiduría*, jibu mara nyingi ni ndiyo, na ndiyo maana ningempeleka huko kabla ya mkahawa wa vitambaa vyeupe.

Aagize *cazón en adobo*. Ni papa mdogo aliyelazwa kwenye siki, vitunguu saumu na bizari nyembamba, akakaangwa. Siki yao hutokana na mvinyo, kwa hiyo mweleze mama aamue mwenyewe. Na aagize *tortillitas de camarones*. Hizi ni uduvi ndani ya rojo ya unga wa dengu na unga wa ngano, zinakaangwa nyembamba mpaka zinalia mdomoni. Zikifika mezani nyamaza umtazame.

Saa za kula ndizo zitakazowasumbua. Mchana ni saa nane hadi saa kumi, usiku ni kuanzia saa mbili na nusu au saa tatu. Katikati majiko yamezimwa. Nunueni matunda na mkate sokoni asubuhi.

Na kwa kuwa anataka boti: kuna boti ya abiria inayovuka ghuba kwenda El Puerto de Santa María, nusu saa hivi, nauli ni ya basi. Anaiona Cádiz kutoka majini, kuba la manjano la kanisa kuu na minara yote, bila kugonga muhuri wowote. Levante likiwa kali safari zinaweza kusitishwa, kwa hiyo siku ya kwanza yenye utulivu, nendeni. Akipenda kuona alama ya Uislamu wa zamani, njooni kwangu Jerez, dakika arobaini kwa treni. Ndani ya Alcázar, ngome ya kale, kuna msikiti mdogo wa enzi za watawala Waislamu wa Almohad, karne ya 12, na mihrabu yake. Hausaliwi sasa, lakini umesimama.

MtangaBremen

Nimefuta kila kitu. Usiku nne zote Cádiz, chumba ghorofa ya pili chenye lifti, mtaa wa San Juan. Siku hazina ratiba, isipokuwa Gadir Jumatano na Jerez Ijumaa ikiwa mama atapenda. Mke wangu anauliza kama nina uhakika.

MtangaBremen (Jumatatu, tarehe 3 Novemba)

Wadau, tumerudi.

Jumatano levante lilivuma tangu alfajiri, madirisha yanalia. Tukaingia Gadir, kisha makumbusho. Mama alisimama mbele ya yule mwanamke wa marumaru muda mrefu, akauliza jina lake, nikamwambia halijulikani. Akasema basi tumrehemu hivyohivyo. Alhamisi upepo ulitulia, tukavuka ghuba. Alikaa nje njia nzima, ushungi umefungwa kidevuni, hakutaka kuingia ndani hata chai ilipopatikana. Kanisani hakupanda. Jerez hatukwenda, Mpishi utusamehe, kwa sababu Ijumaa asubuhi alisema anataka kurudi La Caleta.

Tulikaa pale ukutani kuanzia saa tano. Maji yalikuwa mafu kama ulivyosema, dada, lakini mwamba ulitoka kidogo, na bibi mmoja akapanda ngazi kutoka chini na ndoo. Mama akamwita kwa mkono. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Yule bibi akainamisha ndoo, mama akatia mkono, akaanza kutaja kimoja kimoja kwa jina la Kitanga, na bibi naye akitaja kwa lake. Walifanya hivyo mpaka ndoo ikaisha. Mimi nilishika mkoba tu.

Tortillita alikula sita. Ya kwanza aliipasua kati akaitazama ndani, akasema huu ni uduvi, na hii ni bajia, nani aliwafundisha. Sasa anataka kuzipika kabla hajaondoka Jumapili. Unga wa dengu tumepata duka la Mhindi hapa. Mpishi, vipimo tafadhali, na uduvi nitatoa wapi Bremen?

Mpishi_Jerez

Nimefurahi mno, na Jerez haihami.

Huko kwenu mna wale kamba wadogo wa Bahari ya Kaskazini, wauza samaki wanao. Watakuwa wameshachemshwa, si neno, chukua gramu 200. Unga wa dengu kikombe kimoja, wa ngano kikombe kimoja, majani ya kitunguu na kotimiri ya Kizungu vilivyokatwa vidogo sana, chumvi. Maji yawe ya barafu, uyatie kidogo kidogo mpaka rojo iwe kama uji mwepesi, si nzito kama ya bajia. Hapo ndipo mama atakapotaka kuongeza unga, mzuie. Ifunike nusu saa kwenye friji. Mafuta yawe ya moto kweli, mimina kijiko kimoja, uisambaze kwa mgongo wa kijiko pale pale kabla haijashika. Ikiwa na matundu matundu kama lesi, ndiyo hiyo.